Lafudhi na Usawiri katika Tamthilia ya Televisheni ya Kenya: Mtazamo kutoka Masii

Historia ya tamthilia ya televisheni nchini Kenya aghalabu huanziwa Nairobi, ilikotungwa na kurekodiwa. Ikianziwa Masii, mji wa soko huko Machakos ambako Kikamba ni lugha ya nyumbani, swali la usawiri hubadilika. Halihusu tu nani alionyeshwa, bali pia alisemeshwa kwa sauti ipi, na katika utanzu upi.

Matangazo ya televisheni yalianza nchini mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika na kuliita Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Kabla ya KTN kuanzishwa mwaka 1990, stesheni ilikuwa moja. Kila mwenye seti, awe Masii au Mombasa, alitazama tamthilia zile zile.

Miongoni mwazo ni kichekesho cha Vioja Mahakamani. Umbo lake ni la kesi: shtaka, ushahidi, hukumu. Hakimu huzungumza Kiswahili kilicho karibu na sanifu. Washtakiwa huja na lafudhi za makabila yao. Kwa kuwa kesi huanza na kumalizika katika kipindi kimoja, mtunzi hana wasaa wa kumjenga mhusika hatua kwa hatua. Lafudhi humfanyia kazi hiyo: sentensi moja yatosha kutambulisha mtu, kabila lake na tabia anayodhaniwa kuwa nayo. Matokeo yake ni mhusika bapa. Kikamba, kwa mfano, hakina sauti /r/, na mzungumzaji wake aweza kutamka "kura" kama "kula". Kiisimu, hiyo ni athari ya lugha ya kwanza tu. Katika kichekesho, athari ya namna hiyo hugeuzwa kwa urahisi kuwa dalili ya ushamba.

Hata hivyo, haifai kukihukumu kichekesho kwa ukali. Ndicho kilichozipa lafudhi za nchi nafasi katika jukwaa moja, na kilionyesha kwamba lafudhi yenyewe ni barakoa. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Umaarufu wake katika Vitimbi ulitokana na kumwigiza Mjaluo, Mzee Ojwang.

Mwaka 1987 Tushauriane ilileta utanzu mwingine. Ilifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico ya kuelimisha kwa masimulizi ya mfululizo, ikilenga uzazi wa mpango katika nchi ambayo, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa kwa wastani watoto wapatao 8. Mbinu hiyo huhitaji mhusika anayeyumba baina ya mwema na mwovu hadi afunzwe na matokeo ya vitendo vyake. Mfululizo ulimpa mhusika muda wa kubadilika. Tausi, ya miaka ya 1990, iliupanua muda huo. Lakini mapenzi na majonzi yake kwa jumla yalisemwa kwa Kiswahili sanifu.

Hapo ndipo pengo linapodhihirika. Kichekesho kilimpa mtu wa Masii lafudhi bila undani. Mfululizo ulitoa undani bila lafudhi. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipofanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa, mtoto wa Masii alifunzwa darasani Kiswahili kilicho sahihi. Kwenye skrini alifunzwa kipi kinafaa kulilia. Hapana budi mhakiki wa utanzu huu aulize, kabla ya kuhesabu makabila yaliyowakilishwa, ni nani aliyeruhusiwa kuhuzunika kwa lafudhi yake mwenyewe.