Magonjwa ya koo na kuvimba kwa shingo: matunzo ya zamani na ya leo huku Vitshumbi

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Edward, katika teritware ya Rutshuru. Kinazungukwa na Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 kwa jina la Parki Albert. Watu wa pale wanaishi kwa samaki, kwa sababu sheria ya parki hairuhusu kulima mashamba. Wavuvi wanalala juu ya maji ndani ya mitumbwi, na asubuhi wanarudi wametetemeka. Ndiyo maana wengi wanasemaga kama ugonjwa wa koo unaletwa na baridi ya ziwa. Kusema kweli unaletwa na mikrobe, inayopita kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa kukohoa na kwa kukaa wengi ndani ya nyumba ndogo.

Mara nyingi koo linapona lenyewe kwa muda wa juma moja. Lakini kwa wagonjwa wachache usaha unatoka kwenye koo ao kwenye mzizi wa jino bovu, unashuka shingoni katikati ya nyama, na unaweza kufika hata kifuani. Hapo shingo inavimba, pumzi inazibwa, na mtu anaweza kufa kwa siku chache. Ugonjwa huo wazee wetu waliujua. Tuangalie walivyoutunza, wengine walivyoutunza kwingine, na sisi leo tufanye nini.

Katika nchi nyingi, tangu Ethiopia mpaka Tanzania na katika eneo letu la Maziwa Makuu, dawa iliyojulikana sana ni kukata kirimi, yaani kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Kwa Kiswahili cha pwani kinaitwa kimio ao kilimi. Mtoto akikohoa sana, akikataa kunyonya ao akitapika, jirani anasema: «Ule mutoto ako na kirimi, mumupeleke kwa mzee amukatie.» Dawa nyingine ilikuwa kuchanja: kukata chale ndogo juu ya shingo iliyovimba, kisha kupaka majani ao unga wa mizizi. Kulikuwa pia na kukanda shingo kwa kitambaa cha moto, na kusukutua koo kwa maji ya chumvi.

Tusiwacheke wazee. Kwanza, hawakuwa peke yao. Munganga Mwarabu Al-Zahrawi, wa Andalusia, aliandika juu ya kukata kirimi miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Na Marekani, mwezi wa Desemba 1799, rais wa kwanza wa nchi ile, George Washington, alishikwa na koo. Waganga wake walimtoa damu mara kadhaa kwa siku moja. Mmoja kati yao alishauri watoboe koromeo ili apate pumzi, wenzake wakakataa, na mgonjwa akafa tarehe 14. Pili, wazo la wazee lilikuwa na ukweli ndani yake: usaha uliofungwa lazima utoke. Munganga wa hospitali naye anapasua jipu.

Tofauti iko wapi? Munganga wa hospitali anajua usaha umejificha wapi, na mishipa mikubwa ya damu inapita wapi. Anatumia chombo kilichochemshwa, na kwanza anahakikisha njia ya pumzi iko wazi. Kirimi chenyewe si chanzo cha ugonjwa, kinavimba tu pamoja na koo. Basi sababu gani watu wanaamini wembe? Ni kwa vile koo linapona lenyewe mara nyingi: mtoto anakatwa leo, anapona kisha siku tano, na shukrani zote zinaenda kwa wembe. Yule aliyetokwa damu mpaka kufa, aliyepata pepopunda, ao aliyevimba shingo kwa sababu ya kidonda kile, anasemwa amerogwa. Tena wembe mmoja kwa watoto wengi unaweza kupitisha ukimwi.

Hata Ulaya matunzo ya kweli yalichelewa. Mwaka wa 1836 munganga Mjerumani Ludwig alieleza uvimbe wa chini ya taya unaoziba pumzi, na mpaka leo unabeba jina lake. Difteria, inayofanya shingo ya mtoto kunenepa kama ya ng'ombe dume, ilianza kupata dawa mwaka wa 1890, Behring alipotengeneza serumu. Mwaka wa 1894 Roux aliitumia Paris, na vifo vya watoto hospitalini vikashuka kutoka karibu nusu mpaka karibu robo. Mwaka wa 1936 Mfaransa Lemierre aliandika juu ya wagonjwa 20 ambao ugonjwa wa koo uliingia katika mshipa wa shingo na kuenea katika damu: 18 walikufa. Penisilini, iliyovumbuliwa na Fleming mwaka wa 1928, ilianza kupewa wagonjwa mwaka wa 1941. Basi waganga wa Paris nao, karibu wakati ule ule wa babu zetu, walikuwa wanaangalia mgonjwa akifa.

Leo dawa ipo, lakini njia ni ndefu. Kutoka Vitshumbi unapanda mpaka Rwindi, unashika barabara kuu ya kwenda Rutshuru, na toka Rutshuru mpaka Goma ni kama kilomita 70 tena. Barabara ile imejulikana kwa mashambulizi, na mwaka wa 2024 vita ya M23 ilifika Vitshumbi penyewe. Kwa hiyo siku moja iliyopotea kwa wembe, ao kwa vidonge viwili vitatu vya dukani, inaweza kuwa siku ile mgonjwa angeokolewa.

Ndugu msomaji, shika alama hizi: mgonjwa hawezi kufungua mdomo vizuri; mate yanatiririka kwa kuwa hawezi kumeza; sauti yake ni kama ya mtu mwenye bugali ya moto mdomoni; shingo imevimba na kukakamaa pamoja na homa; pumzi inapiga kelele. Ukiona hata moja, usikande shingo, usichanje, usimlazimishe kulala chali. Mwache akae vile anavyopumua vizuri, na umpeleke saa ile ile kituo cha afya ili wampeleke hospitali. Huko atapewa antibiotiki kwa mshipa, na ikihitajika atapasuliwa.

Katika Kiswahili, neno «kuchanja» linasema chale za wazee na linasema pia sindano ya kukinga watoto. Tuiache ile ya kwanza, tushike ya pili, kwani ndiyo inayokinga difteria. Ilirudi na nguvu Nigeria mwaka wa 2023, mahali watoto wengi hawakuchanjwa. Maji ya chumvi ya bibi tuyaweke, hayana ubaya. Na yule mzee anayejulikana kwa kukata kirimi tusimfukuze. Akina mama wanamwendea yeye wa kwanza, kwa hiyo afundishwe alama zile, na awe wa kwanza kusema: «Huyu mupelekeni hospitali.»