Utafiti wa Haki za Binadamu Kigoma: Mikutano, Majarida na Taratibu za Kufuata

MKOA wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa zaidi ya nusu karne. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, kutoka Kongo mwaka 1996, na kutoka Burundi kwa mara nyingine mwaka 2015. Mei ya mwaka huo, maelfu ya watu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo walisafirishwa kwa vyombo vya majini, ikiwamo meli ya MV Liemba, hadi Kigoma mjini, kisha katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Hivyo, mahakimu, mawakili, maofisa uhamiaji, maofisa ustawi wa jamii, watoa msaada wa kisheria na wanafunzi wa sheria mkoani humo hukutana kila siku na masuala ambayo kwingineko husomwa vitabuni tu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandiko kuhusu Kigoma imeandikwa na watu waliofika kwa majuma machache na kuondoka. Makala haya yanaeleza namna mtafiti aliyeko Kigoma anavyoweza kuwasilisha kazi yake katika mikutano ya kitaaluma na kuichapisha, taratibu anazopaswa kufuata, na tahadhari anazopaswa kuchukua.

Kutoka mkutanoni hadi kwenye sheria

Baadhi ya kanuni zinazotumika leo barani Afrika zilianza kama mada zilizosomwa mbele ya wanasheria wachache. Mwezi Januari 1961, wanasheria waliokutana Lagos, Nigeria, walipendekeza kuwapo kwa mkataba wa haki za binadamu wa Afrika. Mwaka 1973, Umoja wa Mataifa uliitisha semina jijini Dar es Salaam kujadili njia mpya za kukuza haki hizo, kwa kuzingatia mahitaji ya Afrika. Nyingine ilifanyika Monrovia, Liberia, mwaka 1979. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa mwezi Juni 1981 na kuanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Tanzania iliuridhia mwaka 1984.

Kwa upande wa wakimbizi, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulipitisha mkataba wake tarehe 10 Septemba 1969. Mkataba huo ulipanua maana ya mkimbizi ili imhusu pia mtu anayekimbia uvamizi kutoka nje, ukaliaji wa nchi yake, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma. Miaka kumi baadaye, mwezi Mei 1979, Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu hali ya wakimbizi. Maana zote mbili za mkimbizi, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na ya Mkataba wa OAU, zimo katika Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998.

Maandishi ya Watanzania yamekuwa na nafasi katika historia hiyo. Profesa Issa Shivji alichapisha mwaka 1989 kitabu kinachochambua dhana ya haki za binadamu barani Afrika. Profesa Chris Maina Peter alikusanya hukumu na nyaraka za haki za binadamu za Tanzania katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Profesa Bonaventure Rutinwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1999 kuhusu mabadiliko ya sera za hifadhi barani Afrika, andiko ambalo bado linarejewa na watafiti wa ndani na nje.

Masuala yanayosubiri kuandikwa

Mwandishi wa Kigoma hana haja ya kutafuta mada mbali. Suala la kwanza ni utambuzi wa wakimbizi. Hadi Januari 2017, waombaji hifadhi kutoka Burundi walitambuliwa kwa pamoja kama kundi. Baada ya hapo, kila ombi lilianza kuchunguzwa peke yake. Mabadiliko hayo yanaibua maswali ya ushahidi, ya muda wa kushughulikia maombi na ya haki ya kukata rufaa. Majibu yake yako katika utendaji wa kila siku, si katika maandishi ya sheria peke yake.

Suala la pili ni usajili wa watoto wanaozaliwa kambini. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto humpa kila mtoto haki ya jina, ya kusajiliwa mara azaliwapo, na ya kupata uraia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inatambua haki ya jina na uraia. Tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu inayosimamia mkataba huo ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, uliohusu watoto wa jamii ya Wanubi nchini Kenya waliocheleweshewa uraia. Mtafiti anaweza kulinganisha uamuzi huo na utaratibu wa usajili mkoani Kigoma na kuonyesha wapi utaratibu unafanya kazi vizuri na wapi unahitaji kuimarishwa. Kwa mtoto husika, cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachothibitisha baadaye umri wake na wazazi wake, akibaki nchini au akirejea kwao.

Suala la tatu ni uraia wa waliokaa muda mrefu. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 kati ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, wengi wao wakiwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wapo pia waliojitafutia makazi vijijini mkoani Kigoma, nje ya makazi hayo rasmi, na historia yao haijaandikwa kwa kiwango kinachostahili.

Vibali na ulinzi wa wanaohojiwa

Utafiti mzuri huanza na vibali. Mwanafunzi au mhadhiri hupata kwanza barua ya utambulisho kutoka chuo chake. Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kuingia kambini huhitaji kibali kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ni vyema maombi yafanywe mapema, yakieleza madhumuni, muda wa kazi na idadi ya watu watakaohojiwa.

Kibali hakimwondolei mtafiti wajibu wake kwa anayehojiwa. Mkimbizi anaweza kuwa ameacha ndugu nyuma, na jina lake, kijiji atokacho au tarehe aliyovuka ziwa vinaweza kumtambulisha kwa watu anaowaogopa. Kwa sababu hiyo, majina hubadilishwa, maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu huondolewa, na ridhaa huombwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kirundi, Kibembe au Kiswahili. Aidha, anapaswa kuelezwa wazi kwamba mahojiano hayatabadilisha ombi lake la hifadhi wala mgawo wake wa chakula. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka pia masharti kuhusu ukusanyaji na uhifadhi wa taarifa za watu.

Mikutano ya kitaaluma

Mikutano hutangazwa kwa wito wa kuwasilisha mada, aghalabu miezi kadhaa kabla. Mwombaji hutuma ikisiri fupi inayotaja swali la utafiti, mbinu iliyotumika na matokeo makuu. Ikisiri inayoishia kusema kwamba suala fulani litajadiliwa, bila kutaja kilichogunduliwa, huachwa mara nyingi.

Kwa aliyeko Kigoma, majukwaa ya kufuatilia ni haya:

Kwanza, vyuo vikuu vya nchini. Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huandaa mijadala na makongamano. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo mkoani Kigoma, hivyo mwanafunzi wa sheria anaweza kupata mwongozo bila kuhama mkoa.

Pili, Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake huko tangu mwaka 2007, na hukumu zake hupatikana bila malipo. Watanzania wawili, Jaji Augustino Ramadhani na Jaji Imani Aboud, wamewahi kuwa marais wake. Hukumu ya shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, iliyotolewa Machi 2018 kuhusu uraia na kufukuzwa nchini, ni miongoni mwa zinazojadiliwa sana na wanazuoni wa eneo hili.

Tatu, vyama vya watafiti wa uhamaji wa kulazimishwa. Chama cha kimataifa cha taaluma hiyo, IASFM, kilifanya mkutano wake Kampala, Uganda, mwaka 2011. Kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza yapo mashindano ya Afrika ya mahakama ya mfano kuhusu haki za binadamu, yaliyoanza mwaka 1992 na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria.

Kabla ya kuthibitisha ushiriki, mwombaji aulize kama waandaaji wanagharimia usafiri, kama kuna punguzo la ada kwa washiriki kutoka Afrika, na kama inawezekana kuwasilisha mada kwa njia ya mtandao.

Majarida yanayopokea makala

Mada iliyosomwa mkutanoni bado si makala. Huandikwa upya kwa kuzingatia maswali yaliyoulizwa, kisha hutumwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Wahariri huipeleka kwa wataalamu wasiotajwa majina, na majibu huweza kuchukua miezi. Kutakiwa kufanya marekebisho si kukataliwa; mwandishi hujibu kila hoja kwa barua na kuonyesha alichorekebisha.

Nchini, Eastern Africa Law Review ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwapo tangu mwaka 1968. Zanzibar Yearbook of Law hutolewa na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Katika bara, African Human Rights Law Journal lilianza mwaka 2001 na husomwa bila malipo, na African Human Rights Yearbook, kinachohusu vyombo vya haki za binadamu vya Umoja wa Afrika, kilianza mwaka 2017. Kimataifa, Journal of Refugee Studies la mwaka 1988 na International Journal of Refugee Law la mwaka 1989 hujihusisha moja kwa moja na masuala ya wakimbizi. Kwa hukumu za mahakama za Tanzania, chanzo cha kuaminika na cha bure ni TanzLII.

Tahadhari dhidi ya ulaghai

Yapo majarida na mikutano iliyobuniwa ili kukusanya ada. Dalili zake ni mwaliko wa sifa nyingi kwa mtu asiyefahamika, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, jarida moja kupokea makala za sheria, tiba na uhandisi kwa pamoja, na ada kutajwa baada ya makala kukubaliwa. Mwandishi ahakiki namba ya ISSN, awaulize wajumbe wa bodi ya wahariri kama kweli wanahusika, na atafute jarida hilo katika orodha za DOAJ na AJOL. Makala iliyokwisha kuchapishwa kwa walaghai ni vigumu kuiondoa, na majarida ya kweli hayapokei kazi iliyochapishwa kwingine.

Lugha na matumizi ya matokeo

Majarida mengi yaliyotajwa hupokea Kiingereza. Hata hivyo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, na Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022. Mtafiti anayechapisha kwa Kiingereza anashauriwa kuandaa muhtasari wa Kiswahili na kuukabidhi kwa ofisi iliyotoa kibali, kwa mahakama au ofisi inayohusika, na kwa jamii aliyoihoji. Muhtasari wa kurasa mbili uliofika mezani kwa ofisa wa Kasulu au Kibondo unaweza kurekebisha utaratibu mapema kuliko makala iliyofungiwa katika maktaba ya mbali.