Mbinu za mapigano za mjanja (Dungeons & Dragons)

Mjanja ni mmojawapo wa aina za wahusika katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja ndani ya hadithi inayosimamiwa na mwendesha mchezo. Vitendo vyenye mashaka huamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Mjanja ni mtu wa vivulini: mwizi, jasusi au muuaji wa kukodiwa. Hana deraya nzito ya mpiganaji wala uchawi wa mchawi, na pointi zake za uhai si nyingi. Kwa sababu hiyo, mbinu ambazo mchezaji humchagulia kila anapopanda ngazi huamua kama mjanja atakuwa tegemeo la kundi au maiti wa kwanza.

Karibu nguvu zake zote za vitani hutokana na jambo moja: pigo la kuvizia, yaani madhara ya ziada anayomtia adui aliyeshughulishwa au asiyemwona. Uchaguzi mzuri wa mbinu ni ule unaoliwezesha pigo hilo kupatikana katika kila raundi, kisha unamtoa mjanja mahali pa hatari.

Historia

Mchezo ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson nchini Marekani. Mjanja hakuwemo. Aliingia mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, kwa jina la mwizi. Huyo alikuwa fundi wa kufuli na mitego kuliko mtu wa vita. Silaha yake ya pekee ilikuwa kumchoma adui mgongoni. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, pigo hilo lilizidisha madhara mara 2 kwa mwizi wa ngazi za chini, na hadi mara 5 kuanzia ngazi ya 13. Lakini ilibidi kumzunguka adui bila kuonekana, jambo ambalo mara nyingi liliwezekana mara moja tu, mwanzoni mwa pambano. Hakukuwa na mengi ya kuchagua: mwizi wa ngazi ya 5 alifanana sana na mwizi mwingine wa ngazi ya 5.

Toleo la 3, la mwaka 2000, lilibadili jina kutoka mwizi kuwa mjanja, na likabadili pia hesabu. Badala ya kuzidisha, pigo la kuvizia likaongeza dadu za pande 6 (kama ile ya ludo), moja zaidi kila baada ya ngazi 2. Ilitosha mwenzake awe upande wa pili wa adui, naye mjanja angeweza kulirudia pigo hilo raundi baada ya raundi. Vipaji navyo vikaanza hapo, kama vile kutumia wepesi badala ya nguvu za misuli katika kulenga. Kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba maiti wanaotembea, sanamu zenye uhai na viumbe vingine visivyo na viungo vya ndani havikudhurika na pigo la kuvizia. Mjanja aliyeingia katika makaburi aligeuka mshika taa.

Toleo la 4, la mwaka 2008, ndilo lililofanya uchaguzi wa mbinu kuwa moyo wa mchezo. Mjanja wa ngazi ya 1 alichagua mbinu 2 za kutumia wakati wowote, 1 ya kutumia mara moja katika kila pambano na 1 ya mara moja kwa siku. Alichagua pia mwelekeo: mkatili, aliyeongeza nguvu za misuli katika madhara ya pigo la kuvizia, au mkwepaji, aliyetumia haiba yake kujikinga anapopita kati ya maadui. Kosa la kawaida la wageni lilikuwa kuchanganya, kwa mfano kuchukua mwelekeo wa mkatili kisha mbinu inayotegemea haiba. Mhusika wa namna hiyo aligawa pointi zake kote akawa wa wastani kila mahali.

Pigo la kuvizia katika toleo la 5

Toleo la 5, la mwaka 2014, linaanza na dadu 1 ya ziada katika ngazi ya 1, kisha 2 katika ngazi ya 3, 3 katika ngazi ya 5, hadi 10 katika ngazi ya 19. Silaha lazima iwe nyepesi ya ustadi, kama jambia au upanga mwembamba, au iwe ya kutupia mbali, kama upinde. Sharti lingine hutimizwa kwa njia mbili: mjanja awe na nafuu, yaani arushe dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua tokeo kubwa, au mwenzake awe ndani ya futi 5 kutoka kwa adui. Viumbe waliokingwa zamani hawakingwi tena.

Mjanja hapati shambulio la pili katika ngazi ya 5 kama mpiganaji. Akikosa, zamu yake yote imepotea. Hapa ndipo ugumu wa uchaguzi wake ulipo, kwani kukosa mara moja kunamgharimu kuliko kunavyomgharimu mwingine yeyote kundini.

Tendo la ziada

Kila zamu ina tendo kuu moja na tendo dogo la ziada moja. Kuanzia ngazi ya 2 mjanja anaweza kutumia tendo la ziada kukimbia, kujificha, au kujitoa katika mapigano bila kupigwa anapoondoka. Tendo hilohilo ndilo linalohitajika kushambulia kwa silaha ya mkono wa pili. Hawezi kufanya yote.

Mfano wa mjanja wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya wepesi ya +4, anayempata adui kwa asilimia 60 ya mapigo yake, unaonyesha tofauti. Akitumia upanga mwembamba mmoja, pigo lililompata adui hutia wastani wa madhara 19, na kwa kuwa mengine hukosa, wastani wa zamu ni 11.4. Akishika panga fupi mbili, la pili halipati nyongeza ya wepesi, lakini uwezekano wa angalau pigo moja kumpata adui hupanda hadi asilimia 84, na wastani hufika takribani 15.4. Akitumia tendo la ziada kujificha kwanza, kisha akashambulia kwa upanga mmoja akiwa na nafuu, wastani ni karibu 16. (Mapigo ya bahati kubwa, yanayorudufisha dadu zote, hayamo katika hesabu hii.)

Kwa hiyo panga mbili na kujificha hukaribiana kwa madhara. Kinachotofautiana ni hatari. Mwenye panga mbili hubaki ana kwa ana na adui, wakati mwenye upinde nyuma ya nguzo haguswi kirahisi. Ila kujificha hutegemea kuwapo kwa nguzo, giza au ukungu, na pia mwendesha mchezo anayekubali kwamba mtu anaweza kujificha mara 6 nyuma ya pipa lilelile. Katika uwanja mtupu, mwenye panga mbili ana afadhali. Wajanja wengi wazoefu hubeba silaha za aina zote mbili.

Vipaji na njia

Vipaji vinavyomfaa mpiganaji si lazima vimfae mjanja. Mfano mzuri ni kipaji cha mlenga shabaha cha mwaka 2014, kinachopunguza 5 katika kulenga na kuongeza 10 katika madhara. Kwa mjanja wa mfano uliotangulia akitumia upinde mfupi, wastani hushuka kutoka 10.8 hadi 9.8, kwa sababu kila pigo linalokosa huondoka na dadu zote za kuvizia. Kipaji cha mlinzi kina thamani zaidi kuliko kinavyoonekana. Kanuni husema pigo la kuvizia ni mara moja katika kila zamu, si mara moja katika kila raundi. Adui aliye karibu akimshambulia mwenzake, mjanja mwenye kipaji hiki humjibu papo hapo, tena kwa pigo la pili la kuvizia. Gharama yake ni kwamba tendo la kujibu ni moja tu kwa raundi, na ndilo ambalo kuanzia ngazi ya 5 lingeweza kupunguza kwa nusu madhara ya pigo analopigwa.

Katika ngazi ya 3 mjanja huchagua njia. Muuaji ni hodari mwanzoni mwa pambano, hasa dhidi ya walioshtukizwa. Katika kundi lenye mpiganaji wa deraya inayogongana kama masufuria, nafasi hiyo huja mara chache. Mjanja wa mazingaombwe hujifunza uchawi kidogo. Njia ya mcheza upanga, iliyochapishwa tena mwaka 2017 katika Xanathar's Guide to Everything, humruhusu kupata pigo la kuvizia akiwa peke yake na adui mmoja, kisha kuondoka kwa yule aliyemshambulia bila kutumia tendo la ziada. Hivyo anaweza kushika panga mbili na bado akatoroka.

Mabadiliko ya mwaka 2024

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kililegeza fundo hilo kwa wajanja wote. Mjanja sasa huchagua silaha 2 anazozimudu kwa ustadi maalumu. Akiwa na ustadi wa jambia, pigo la mkono wa pili huingia ndani ya tendo kuu, na tendo la ziada hubaki huru.

Kuanzia ngazi ya 5 anaweza pia kuacha dadu 1 ya kuvizia ili kumwangusha adui, kumtia sumu, au kujiondoa nusu ya mwendo wake bila kupigwa. Dadu hiyo ina wastani wa 3.5 tu. Kumwangusha adui huwa na maana kubwa zaidi pale wenzake wa mapambano ya karibu wanapofuata kwa zamu, kwa kuwa wote hupata nafuu dhidi ya aliye chini. Kundi la wapiga mishale hupata kinyume chake, kwani aliyelala ni mgumu kulengwa kutoka mbali.

Wasomaji waliokutana na mjanja kwanza katika mchezo wa kompyuta Baldur's Gate 3, wa mwaka 2023, wataona tofauti moja. Huko, anayechagua njia ya mwizi hupewa tendo la ziada la pili katika kila zamu, jambo ambalo kanuni za mezani hazimpi.