Matangi ya mafuta ya zahanati za Mataifa ya Kwanza

Matangi ya mafuta ya zahanati za Mataifa ya Kwanza ni matangi ya kuhifadhia dizeli kwenye vituo vya afya vya wenyeji asilia wa kaskazini mwa Kanada, hasa katika jumuiya zisizo na barabara ya kudumu. Dizeli hiyo hupasha jengo joto na kuendesha jenereta. Wakati wa baridi halijoto huweza kufika -40 °C; zahanati ikiishiwa mafuta, mabomba ya maji huganda na kupasuka.

Mafuta huletwa hasa kwa malori yanayopita juu ya mito na maziwa yaliyoganda, kwa wiki chache tu katika majira ya baridi. Baada ya hapo hubaki ndege, ambayo ni ghali mno. Kwa hiyo ni lazima kuweka akiba ya miezi mingi, na tangi bovu ni hatari mara mbili: akiba hupotea, na ardhi huchafuka.

Matangi mengi ya zamani yalikuwa ya chuma chenye ukuta mmoja. Kutu hula chuma polepole, na uvujaji wa chini ya ardhi hauonekani. Mfano unaojulikana zaidi si wa zahanati bali wa shule: huko Attawapiskat, kijiji cha Wakrii mkoani Ontario, dizeli nyingi ilivuja chini ya shule ya msingi mwaka 1979. Shule ilifungwa mwaka 2000, na watoto walisomea katika vibanda vya muda hadi shule mpya ilipofunguliwa mwaka 2014.

Kanuni za serikali kuu za mwaka 2008 zilitaka baadhi ya matangi yenye hatari kubwa yaondolewe. Tangi lisiloandikishwa haliruhusiwi kujazwa mafuta.

Tangi jipya huwa na kuta mbili na huwekwa juu ya ardhi, ili uvujaji ugunduliwe kati ya kuta hizo. Ugumu ni kwamba zahanati haiwezi kufungwa: tangi la muda huunganishwa kwanza, ndipo la zamani humwagwa, hutolewa mvuke na kukatwa. Udongo wa chini yake hupimwa. Lori lenye tangi jipya likikosa barabara ya barafu, kazi husubiri mwaka mwingine.

Pikangikum iliunganishwa na gridi ya umeme ya Ontario Desemba 2018, na jumuiya nyingine zilifuata.