Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyoko kaskazini mwa jiji la Tanga, Tanzania, mwendo wa kilomita 8 hivi. Miamba yake ni ya zama za Jura. Maji ya mvua yenye asidi hafifu yaliimega kidogo kidogo. Yanapodondoka darini huacha chembe za chokaa, zikajenga mawe yanayoning'inia na mengine yanayochomoza sakafuni. Mapango yako kadhaa, ila wageni hutembezwa katika moja tu. Ndani ni giza totoro, popo ni wengi, na kuna vipenyo vya kupita kwa kutambaa: tochi na viatu visivyoteleza ni lazima. Wenyeji huleta sadaka kwenye mzimu uliomo, nazo zisiguswe kabisa.