Maumivu ya Uso na Bangi ya Pande Mbili za Ziwa

Yapo maumivu ambayo mtu akiyapata hudhani ni jino. Hupiga shavuni au kwenye taya ghafla, mfano wa shoti ya umeme, yakakatika baada ya sekunde chache, kisha yakarudi. Kunawa uso, kutafuna ugali, hata upepo wa ziwani kumgusa mtu shavuni, kunatosha kuyaamsha. Wako waliong'olewa jino zima lisilo na kosa, wakang'olewa na la pili, maumivu yakabaki palepale. Mwenye kosa ni neva ya tano ya kichwa, inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo.

Madaktari wa karne ya 19 waliyahangaikia sana. William O'Shaughnessy, aliyefanya kazi Calcutta, aliandika mwaka 1839 kuhusu bangi ya India, na wenzake wa Ulaya wakaichukua. Mwaka 1890 John Russell Reynolds, daktari wa nyumba ya Malkia Victoria, alieleza katika jarida la Lancet kwamba ameitumia kwa miaka 30 na zaidi, na kwamba imewafaa wagonjwa wa maumivu ya neva, haya ya uso yakiwamo. Lakini alilalamikia jambo moja: nguvu ya dawa hiyo haikuwa sawa, leo kali, kesho dhaifu. Daktari gani atapima kipimo kwa hali hiyo? Aspirini ilipoingia sokoni mwaka 1899, dawa ikawa na uzito unaojulikana.

Huku kwetu mmea huo haukuwa mgeni. Burton, aliyepita bara katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliwaona watu wakiuvuta. Jina bangi lenyewe lina asili ya Uhindini. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanauita chamba. Mkataba wa Geneva wa 1925 ukauingiza katika udhibiti wa kimataifa, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na ule wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaikaza kamba zaidi.

Halafu kamba ikaanza kulegea upande mmoja. Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani, kwa leseni. Desemba mwaka huohuo, mjini Vienna, kwa kura 27 dhidi ya 25, bangi iliondolewa katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa 1961. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2015, inayokataza. Kwa hiyo mvuvi wa Mbamba Bay na mwenzake wa Nkhata Bay wanavua ziwa moja, na shamba lenye leseni kule, huku ni kesi.

Mimi sioni sababu ya mgonjwa wetu kuvuka ziwa. Ushahidi wa bangi kwa maumivu haya mahsusi bado ni mwembamba. Tangu miaka ya 1960 iko kabamazepini, kidonge kilekile cha kifafa, na ndicho madaktari wanachoanza nacho. Kikishindwa, upo upasuaji. Kinataka kuanza kwa kipimo kidogo na kuangaliwa damu. Mtu wa Lituhi au wa milimani Umatengo mwenye maumivu ya namna hii amweleze daktari yanavyopiga na yanavyoamka, kabla hajakubali koleo la meno.