Kamari ya mieleka: Kubashiri pambano ambalo mshindi wake amekwisha kuteuliwa

MIELEKA ya kulipwa ya Marekani, ambayo ina mashabiki tele hata humu nchini, hutofautiana na ndondi kwa jambo moja kuu. Mshindi huteuliwa na waandishi wa hadithi kabla ya kengele kulia. Maumivu ya kuangushwa ni ya kweli na majeraha ni ya kweli, lakini matokeo hupangwa.

Hata hivyo, Machi 2023 kituo cha habari cha CNBC kiliripoti kwamba kampuni ya WWE ilikuwa ikizungumza na wadhibiti wa kamari katika majimbo ya Colorado na Michigan, ikitaka mapambano yake makubwa yaruhusiwe kuchezewa kamari kisheria. Wadhibiti wa Colorado walikanusha kwamba walikuwa wakilifikiria jambo hilo. Walieleza kuwa sheria ya jimbo lao inakataza kamari kwa shindano lolote ambalo matokeo yake yamepangwa.

Chanzo cha ombi

Mlango wa kamari ya michezo ulifunguliwa Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyoizuia katika majimbo mengi. Tangu hapo kila jimbo limekuwa na uhuru wa kujiamulia, na kampuni za michezo zikaanza kuvuna mamilioni kutokana na matangazo na ushirikiano na kampuni za kamari. WWE haikutaka kubaki nje ya karamu hiyo.

Lakini historia yake yenyewe ilikuwa kizuizi. Mwaka 1989, ikiitwa WWF, kampuni hiyo iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani wala si mashindano halisi. Lengo lilikuwa kujiondoa chini ya tume ya michezo ya jimbo hilo pamoja na kodi zake. Waliokana kuwa wanamichezo ili kukwepa kodi, sasa walitaka watazamwe kama wanamichezo mbele ya meza ya kamari. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Mfano wa Oscar

Kulingana na ripoti hiyo, WWE ilishirikiana na kampuni ya uhasibu ya EY kutafuta njia ya kulinda siri. Matokeo yangeamuliwa miezi kadhaa mapema na kufungiwa, na hata wanamieleka wenyewe wasingeambiwa mshindi hadi muda mfupi kabla ya kupanda ulingoni.

Hoja yao kuu ilikuwa tuzo za filamu za Oscar, ambazo baadhi ya majimbo huruhusu zichezewe kamari. Huko pia mshindi huwa amekwisha kupatikana kabla ya sherehe, na wahasibu wachache wa PwC ndio wanaomjua.

Ulinganisho huo una kasoro. Mshindi wa Oscar hutokana na kura za maelfu ya wanachama, na mhasibu huzihesabu tu. Hana uwezo wa kuzibadilisha. Mshindi wa mieleka huchaguliwa na watu wachache ofisini, na watu hao wanaweza kugeuza nia wakati wowote.

Nevada ilikwisha kukabiliwa na swali kama hili. Mwaka 1980, watazamaji wa mchezo wa runinga wa Dallas walipokuwa wakingoja kujua nani aliyempiga risasi J.R., kasino moja ya Las Vegas ilianza kupokea dau. Wadhibiti waliisimamisha na kuagiza fedha zirudishwe, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakijua jibu.

Hadithi hubadilika

Novemba 1997 mjini Montreal, Bret Hart alipoteza taji kwa Shawn Michaels baada ya wakuu wa kampuni kubadilisha mwisho wa pambano bila yeye kujua. Februari 2024, Cody Rhodes alionekana kumwachia The Rock nafasi ya kukabiliana na Roman Reigns katika WrestleMania. Mashabiki walighadhabika, na katika muda wa siku chache Rhodes akarejeshewa pambano hilo. Aprili alitwaa taji.

Kwa mtazamaji, uhuru huo wa kubadilisha ndio utamu wa mieleka. Kwa aliyeweka dau, ni hatari. Matokeo yakifungiwa miezi mapema, hadithi itakosa uhai. Yasipofungiwa, anayeiandika ndiye anayeamua nani apate fedha.

Tena siri ya mieleka haikai kwa mtu mmoja. Waandishi, waamuzi, watayarishaji wa runinga na jamaa zao wanaweza kuisikia. Katika soka, kocha anayejua hali ya wachezaji wake bado hajui nani atashinda. Katika mieleka, mwenye habari anajua yote, na malipo anayoyachukua hutoka katika mfuko wa shabiki wa kawaida aliyebahatisha.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Kamari yoyote ya haki inahitaji kutojua kunakowahusu watu wote sawasawa. Bila hiyo, anayedhani anabashiri huwa analipa tu gharama ya kutoijua siri ya wenzake.